Nadharia za sosholojia: uanze na kitabu gani, na ukisome vipi

Mwanafunzi anayeanza somo la nadharia za sosholojia, awe Unguja awe Pemba, hupewa muhtasari wenye majina ishirini na kitu. Comte, Spencer, Marx, Durkheim, Weber, Simmel, Mead, Parsons, Merton, Goffman, Foucault, Bourdieu, na bado orodha haijesha. Chini ya kila jina pana kitabu kimoja au viwili. Mwenye bidii huanza juu akishuka chini, akifika ukurasa wa thelathini wa kitabu cha kwanza anakwama. Mwenzake husubiri notisi za mwaka jana zipite kwenye grupu la WhatsApp, akazihifadhi: Durkheim ni mshikamano, Marx ni tabaka, Weber ni urasimu. Wote wawili huingia kwenye mtihani bila kujua watu hawa walikuwa wanabishana juu ya nini.

Nadhani kosa liko kwenye mahali pa kuanzia. Nadharia ni jibu, na kila jibu lilitanguliwa na swali lililomkosesha mtu usingizi katika mji wake na zama zake. Auguste Comte alizaliwa 1798, Ufaransa ikiwa imetoka kwenye mapinduzi ya 1789. Akajiuliza jamii iliyovunja ufalme na kulitikisa kanisa itashikwa na nini. Marx aliiona Uingereza ya viwanda, utajiri unaongezeka na watoto wanafanya kazi usiku, akauliza utajiri huo unatoka wapi. Durkheim alikua katika Ufaransa iliyoshindwa vita na Prussia mwaka 1870 na 1871, taifa likijaribu kulea raia wake kwa skuli za serikali badala ya mapadri. Du Bois alikuwa Mmarekani mweusi aliyeandika miongo mitatu na kidogo baada ya utumwa kufutwa nchini kwake, akabebeshwa swali ambalo wenzake hawakulitamka: kuwa tatizo machoni mwa wenzako kunakuwaje? Ukilishika swali, kurasa zinafunguka. Ukikosa swali, hata muhtasari wa ukurasa mmoja ni mzito.

Kabla ya vitabu, tutazame kitu kimoja kwa karibu.

Ni mwezi wa Ramadhani, saa saba mchana, nyumba ya kawaida ya Kikwajuni au ya Wete. Ndani yumo mama ambaye dini imempa ruhusa ya kula: yumo katika siku zake, au anaumwa, au ananyonyesha na anahofia afya ya mwanawe. Kwa imani yake mwenyewe hana kosa mbele ya Mungu. Hata hivyo hali chakula mbele ya watu. Anasubiri watoto watoke, anaingia jikoni, anarudisha mlango, anakula kiporo cha muhogo wa nazi akiwa amesimama, anasuuza sahani na kuirudisha kabatini kama haikuguswa. Mtu akipiga hodi wakati huo, tonge linamezwa haraka na mdomo unafutwa kwa ncha ya kanga.

Nini kinamlazimisha? Dini imemruhusu. Askari anaweza kumkamata anayekula barabarani, lakini jikoni kwake askari hayumo. Njaa inamvuta upande mwengine kabisa. Kilichobaki ni kitu kisichoshikika ambacho kila aliyekulia visiwani anakijua, na ukikipinga utakihisi kikikusukuma. Durkheim, katika kitabu chake cha 1895 kuhusu kanuni za utafiti wa sosholojia, alikiita ukweli wa kijamii: njia za kutenda, kufikiri na kuhisi zilizo nje ya mtu mmoja mmoja na zenye nguvu ya kumlazimisha. Alisema vitu hivyo vichunguzwe kama vitu halisi, visielezwe kwa tabia ya mtu binafsi wala kwa saikolojia yake. Sura ya kwanza ya kitabu hicho ni fupi, na kwa maoni yangu ndiyo kurasa bora za kumuanzia Durkheim. Wengi huanzishwa na kitabu chake cha 1897 kuhusu watu wanaojiua, wakazama kwenye majedwali ya takwimu za Ulaya kabla hawajajua majedwali hayo yanathibitisha nini.

Sasa muulize mama mwenyewe kwa nini anajificha. Huenda akajibu: "Watoto wakiniona nakula, watajifunza nini? Bado hawajui habari ya udhuru." Jibu hilo linatupeleka kwa Max Weber. Kwake yeye sosholojia inaanza pale mtendaji anapokipa kitendo chake maana na kuwafikiria wengine wakati anatenda. Bila kuijua maana hiyo, Weber atasema, umeuona mlango uliorudishwa tu, hukukiona kitendo. Erving Goffman naye atakaa na ile sahani iliyosuuzwa. Atasema nyumba ina ukumbi wa mbele, ambako mtu huonesha sura anayotakiwa kuwa nayo, na ina nyuma ya pazia, ambako hupumua. Na hodi ni mpaka unaovukwa ghafla. Kisha aje Dorothy Smith, mwanasosholojia wa Canada, ambaye kitabu chake cha 1987 kilitaka utafiti uanzie kwenye maisha ya kila siku ya wanawake. Swali lake lingekuwa jengine kabisa: kwa nini siku za mwili wa mwanamke ndizo zinazopaswa kufichwa, na nani aliyepanga jiko liwe mahali pake pa kujificha?

Hawa wanne wanatazama mlango mmoja. Hakuna aliyemfuta mwenzake, ingawa hawakubaliani. Durkheim anatupa nguvu ya jamii lakini anamfanya mama aonekane kama anayesukumwa tu. Weber anamrudishia mama akili yake, lakini anapata taabu kueleza kwa nini maelfu ya kina mama wenye nia mbalimbali wanaishia kwenye kitendo kile kile. Anayejibu mtihani kwa kusema kila nadharia inaonesha nini na inaacha nini gizani, ameshaelewa somo hata kama amesahau mwaka wa kuzaliwa wa mtu.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza kisiwe cha nadharia. Kiwe kinachokuzoesha kuuliza maswali ya namna hii. Viko viwili ambavyo vimedumu. Kimoja ni The Sociological Imagination cha C. Wright Mills, Mmarekani, kilichotoka 1959. Sura yake ya kwanza inatenganisha shida ya mtu na suala la umma. Katika mji wa watu laki moja, akiwepo mtu mmoja asiye na kazi, tazama tabia yake na ujuzi wake. Katika taifa lenye waajiriwa milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, tabia ya mtu haielezi kitu. Muundo wenyewe wa nafasi za kazi umeporomoka. Kijana wa Micheweni anayeambiwa kila siku kuwa ni mvivu aisome sura hiyo, na anayemwambia hivyo aisome pia. Sura ya pili, ambayo Mills anamshambulia Talcott Parsons kwa maandishi yake magumu, iruke kwa sasa. Utaifurahia ukishamjua Parsons.

Cha pili ni Invitation to Sociology cha Peter Berger, cha 1963. Ni kitabu chembamba kilichoandikwa na mtu anayependa kuandika. Miaka mitatu baadaye Berger na Thomas Luckmann walitoa kitabu kuhusu namna watu wanavyoujenga uhalisi wa kijamii kisha wakauona kama umejileta wenyewe. Hicho ni kizuri lakini ni cha baadaye.

Nikiruhusiwa kuongeza cha tatu, ni cha Goffman kuhusu namna mtu anavyojionesha katika maisha ya kila siku, kilichochapwa Edinburgh mwaka 1956 na kupanuliwa 1959. Watu wengi wanadhani mifano yake inatoka miji mikubwa ya Marekani. Sehemu kubwa ya utafiti wake aliufanya kisiwani, katika visiwa vya Shetland kaskazini ya Scotland, miongoni mwa wakulima wadogo, na alikuwa akitazama hoteli ndogo ya watalii. Anaeleza jinsi wafanyakazi wa jikoni walivyoishi kwa desturi zao za kisiwani: soksi mbichi zikikaushwa juu ya birika linalochemka, ukungu ukikwanguliwa juu ya supu kabla ya kupelekwa mezani, na ng'ambo ya mlango mgeni akikutana na adabu za kibwana. Kijana wa Nungwi au Kiwengwa anayefanya kazi ya hoteli, anayejua anavyobadilika uso, sauti na mwendo anapovuka mlango wa jiko, atakisoma kitabu hiki kwa haraka kuliko profesa wa mjini. Hana haja ya kuelezwa mpaka huo uko wapi.

Marx anahitaji uvumilivu zaidi, na pia mfano ulio karibu. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara hapa Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani. Wakulima wengi ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanashuka na kamba zao, wanafunga vichipukizi kwa tai-tai, yaani vikamba vyembamba, wanafunga kamba kwenye vijiti vilivyopigwa mchangani, na baada ya wiki kadhaa wanavuna, wanabeba mwani uliojaa maji mpaka juu, wanauanika. Mwani mkavu unasafirishwa ng'ambo, unatolewa dutu inayogandisha vyakula na dawa ya meno. Kwa muda mrefu makampuni ya ununuzi ndiyo yaliyokuwa yakitoa kamba na vifaa, na aliyepewa vifaa hutarajiwa kumuuzia aliyempa. Bei hupangwa na mnunuzi.

Sasa uliza kama Marx. Bahari ni ya nani? Kamba ni ya nani? Saa za kuinama majini zinalipwa wapi katika ile bei ya kilo? Mkulima huyu si mfanyakazi wa mshahara, maana hana bosi wala saa ya kuingia kazini. Hata hivyo si mfanyabiashara huru. Marx aliwajua watu wa aina hii. Aliandika juu ya wafanyabiashara wa Ulaya waliowapelekea wafumaji malighafi majumbani, wakaja kuchukua kitambaa kwa bei yao, kabla na hata baada ya viwanda kuenea. Hapo mwanafunzi anaona kitu ambacho notisi hazikumwambia: kuna njia za kumiliki kazi ya mtu bila kumuajiri. Anaona pia mahali nadharia inapopwaya. Wanawake wengi wa pwani wamejenga vyumba, wamesomesha watoto, na wamepata sauti ndani ya nyumba kwa pesa ya mwani ambayo hawakuomba kwa mtu. Mizani ya tabaka peke yake hailipimi jambo hilo, na mwenye kulipuuza kwa ajili ya kuilinda nadharia atakuwa hakuwatendea haki wale wanawake.

Kwa kusoma, usianze na ukurasa wa kwanza wa juzuu ya kwanza ya Capital, ya 1867. Sura ya bidhaa ni ngumu na imewafukuza wengi. Anza na sehemu ya kwanza ya ilani ya 1848 aliyoandika na Engels. Kisha soma dibaji yake fupi ya 1859 kuhusu uchumi wa kisiasa, kurasa chache ambamo aliweka hoja ya msingi wa kiuchumi na kilichojengwa juu yake. Baada ya hapo ingia Capital kwa mlango wa sura ya siku ya kazi, ambayo ni ya kumi katika toleo la Kiingereza. Humo kuna ripoti za wakaguzi wa viwanda, waoka mikate wanaolala juu ya ubao, watoto wa viwanda vya kiberiti. Utaelewa hasira yake kabla ya hesabu zake. Maandishi haya yote yanapatikana bure kwenye mtandao wa Marxists Internet Archive, kwa hiyo hakuna haja ya kutoa kopi za kopi zisizosomeka.

Weber huwashinda wengi kwa sababu wanapelekwa moja kwa moja kwenye Economy and Society, mkusanyiko mkubwa ambao mkewe Marianne aliuandaa baada ya yeye kufa mwaka 1920. Mahali pepesi ni mhadhara wake wa Januari 1919 mjini Munich kuhusu siasa kama wito. Humo anauliza kwa nini watu wanatii, na anataja misingi mitatu ya uhalali: mila, kwa maana ya mambo yalivyokuwa tangu zamani; haiba ya mtu anayeaminika kuwa na kipaji kisicho cha kawaida; na sheria, ambapo unaitii nafasi na kanuni zake.

Mzanzibari anaweza kuona misingi hiyo ikipita juu ya cheo kimoja. Zamani, katika maeneo ya Wahadimu, wenyeji wa Unguja, sheha alikuwa mkuu wa kijiji chini ya Mwinyi Mkuu, mtawala aliyekuwa na makao yake Dunga, na alitiiwa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu wazee. Leo sheha anateuliwa na Serikali kwa mujibu wa sheria, ana shehia yenye mipaka, ana muhuri, na anayetaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi anaanzia kwake. Jina ni lile lile; msingi wa utii umehama. Lakini nenda kijijini ukatazame sheha anavyosuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Muhuri uko mezani, na bado watu wanamuuliza yeye ni mtoto wa nani, ukoo gani, na wazee wamesemaje. Weber alisisitiza kwamba aina zake ni za kufikirika, zimetengenezwa ili kupimia. Katika maisha huchanganyika. Watu wengi wanaomnukuu huisahau sentensi hiyo, kisha wanahangaika kuamua sheha aingizwe kwenye kisanduku gani.

Na hapa niseme neno kuhusu visanduku. Vitabu vingi vya kiada vinapanga nadharia zote katika makundi matatu: uamilifu, unaoiona jamii kama mwili ambao kila kiungo kina kazi yake; mgogoro, unaoiona kama uwanja wa makundi yanayogombana; na ile inayotazama maingiliano ya watu kwa alama na maana. Mpangilio huo una manufaa kwa wiki ya kwanza. Ukiendelea nao unaharibu. Durkheim aliandika juu ya mgawanyo wa kazi unaolazimishwa na usio wa haki. Marx aliandika juu ya namna mfumo unavyojiendeleza wenyewe. Weber hakai popote. Hata ule utatu wa Marx, Durkheim na Weber kama mababa wa fani haukushuka kutoka mbinguni. Parsons, katika kitabu chake kikubwa cha 1937, aliwachagua Alfred Marshall, Vilfredo Pareto, Durkheim na Weber. Marx hakuwamo katika wanne hao. Anthony Giddens alipotoa Capitalism and Modern Social Theory mwaka 1971, watatu hao wakakaa pamoja kitabu kizima, na mwanafunzi wa leo anadhani walikuwa pamoja siku zote. Raewyn Connell wa Australia alilichimbua suala hili katika makala ya 1997, kisha mwaka 2007 akatoa Southern Theory, kitabu kinachouliza kwa nini nadharia itoke kaskazini na data itoke kwetu.

Aliyeachwa nje kwa muda mrefu bila sababu ya kielimu ni W.E.B. Du Bois. Mwaka 1899 alitoa The Philadelphia Negro, utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba katika wadi ya saba ya mji wa Philadelphia, wakati ambapo wengi waliojiita wanasosholojia walikuwa bado wanaandika kutoka vitini. Mwaka 1903 akaandika kuhusu fahamu mbili za mtu mweusi, anayejitazama daima kwa macho ya wengine. Alifariki Accra, Ghana, mwaka 1963. Sura ya kwanza ya The Souls of Black Folk haizidi kurasa chache, na nisingemruhusu mwanafunzi yeyote amalize mwaka bila kuisoma.

Ibn Khaldun anatuhusu kwa namna ya pekee. Alizaliwa Tunis mwaka 1332, akafariki Cairo 1406, na kitabu chake Mukadima alikiandika 1377. Kijana wa Zanzibar aliyepita chuoni na madrasa akakipata Kiarabu vizuri anaweza kukisoma bila mkalimani, jambo ambalo wanafunzi wengi duniani hawaliwezi. Wengine watumie tafsiri ya Franz Rosenthal ya juzuu tatu, ya 1958, au toleo lake lililofupishwa kuwa juzuu moja. Swali la Ibn Khaldun lilikuwa hili: kwa nini watu wa majangwani, maskini na wagumu, hushinda miji tajiri, na kwa nini nao baada ya muda hushindwa? Jibu lake ni asabia, mshikamano wa kundi, unaojengwa na dhiki na kuyeyushwa na anasa. Anasema dola kwa kawaida haivuki umri wa vizazi vitatu, kila kizazi miaka 40.

Wanafunzi wetu wakifika hapo huanza kuhesabu. Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja, mapinduzi yakaja Januari 1964. Vizazi vitatu ni miaka 120. Basi Ibn Khaldun aliitabiri! Tusimamishe hesabu. Mwaka wa kuhamia huko, vitabu vingine vinaandika 1832, vingine 1840. Ukichukua 1840 unapata miaka 124, na nadharia inang'aa. Ukichukua 1832 unapata 132. Na vipi 1890, Uingereza ilipoifanya Zanzibar nchi ya ulinzi, dola ikabaki na kiti na bendera ilhali nguvu ikiwa kwengine? Anayechagua tarehe kwa sababu inamfaa hajaitumia nadharia, ameipamba tu. Matumizi yenye faida ni kuuliza: nini kilichowashikanisha watawala, nini kilichowashikanisha wapinzani wao, na mashamba ya karafuu, mikopo na utawala wa kigeni vilibadilisha vipi mshikamano huo? Syed Farid Alatas wa Singapore ameonesha njia hiyo kwa utaratibu katika Applying Ibn Khaldun, cha 2014. Yeye na Vineeta Sinha walitoa pia Sociological Theory Beyond the Canon mwaka 2017, kinachowaweka Ibn Khaldun, Harriet Martineau na wengine kando ya Marx, Weber na Durkheim. Kama maktaba ya chuo chako inauliza inunue nini, taja hicho.

Sasa vitabu vya rejea, ambavyo watu huvitumia ovyo. Kamusi ya fani, kama ile ya Oxford iliyohaririwa kwanza na Gordon Marshall mwaka 1994, au ya Penguin ya 1984, kazi yake ni kukutoa kwenye kikwazo kimoja wakati unasoma: umekutana na neno, unataka aya moja, unarudi kitabuni. Kuinukuu kamusi kama hoja katika insha ni udhaifu. Ensaiklopidia, kama ile ya nadharia za jamii ya juzuu mbili iliyohaririwa na George Ritzer mwaka 2005, ni ya hatua inayofuata: inakupa mjadala mzima kwa kurasa kadhaa na majina ya kufuatilia. Kwa asiyekuwa na pesa, Stanford Encyclopedia of Philosophy iko bure mtandaoni, na makala zake kuhusu Marx, Weber, Du Bois na Foucault ni za uhakika ingawa zinaegemea falsafa.

Kitabu cha kiada cha Ritzer, Sociological Theory, ni kinene na kimechapwa mara nyingi. Ni cha kuingia na kutoka. Usikisome tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kuwajua waandishi kama watu waliokuwa na wazazi, vita, madeni na maadui, atafute Masters of Sociological Thought cha Lewis Coser, cha 1971. Kila sura inakupa mawazo ya mtu, kisha maisha yake, kisha zama zake, na kwa sababu niliyoieleza mwanzo mimi nakiweka juu ya vitabu vyote vya kiada, hata kama kimezeeka na wanawake hawamo. Upungufu huo unazibwa na mkusanyiko wa Charles Lemert wa mwaka 1993, Social Theory, ambao una vipande vifupi vya maandishi asilia ya watu wengi, Charlotte Perkins Gilman na Anna Julia Cooper wakiwemo.

Kanuni ninayoipendekeza kwa kila mwandishi ni rahisi: kwanza maisha na zama zake, kwa Coser kama yumo, kisha kurasa ishirini za maandishi yake mwenyewe, kisha ndiyo ufafanuzi wa watu wengine. Ukianza na ufafanuzi utamsoma mwandishi kwa macho ya mfafanuzi, na hutajua alipokosea mfafanuzi huyo. Weka daftari. Kila dhana iandike kwa Kiswahili chako, na chini yake andika tukio moja ulilolishuhudia mwenyewe Darajani, Mkoani, popote. Dhana usiyoweza kuiandikia tukio hujaielewa bado.

Na nadharia isomwe sambamba na utafiti wa hapa. Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar cha Abdul Sheriff, cha 1987, kinaonesha uchumi wa kisiasa ukifanya kazi: namna biashara ya pembe, watumwa na karafuu ilivyoifunga Zanzibar kwenye uchumi wa dunia kati ya 1770 na 1873. Msomee pamoja na Marx. Pastimes and Politics cha Laura Fair, cha 2001, kinaingia mjini baada ya utumwa kufutwa kwa amri ya 1897, na kinafuatilia mpira, taarabu, na nguo. Wanawake waliokuwa watumwa waliziacha kaniki na kuvaa kanga, na kwa kuvaa walidai heshima ambayo sheria haikuwapa yote. Hapo Weber anasaidia kwa alichoandika juu ya hadhi, yaani heshima mtu anayopewa na wenzake, na Pierre Bourdieu anasaidia zaidi. Bourdieu, ambaye mawazo yake mengi yalianzia kwenye utafiti aliofanya Algeria wakati wa vita vya uhuru, alitoa mwaka 1979 kitabu kikubwa kuhusu ladha na upambanuzi: vipi chakula, nguo na lafudhi vinavyowatenga watu bila amri ya mtu yeyote. Ukimaliza sura ya nguo ya Fair, fungua Bourdieu, kisha tafuta picha za zamani za mjini katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uangalie nani amevaa nini na nani amesimama wapi.